Kazi Aliyoniandikia Kinanu

Isiolo

Abaayo, dada yangu Faiza,

Salaam aleikum. Kwa heshima na taadhima, na redio zote zinyamaze, natangaza rasmi kwamba tangu Jumanne navaa soksi ya mguu wa kushoto bila kushikwa na mtu. Wewe hujambo? Presha imeshuka, au bado unalamba chumvi kama ngamia? Huku sote wazima, ni vumbi tu na upepo.

Umeniuliza mara nne kwenye simu ni nani aliyelipa hospitali, nami mara nne nikageuza maneno. Leo nakujibu. Ni bima, na bima yenyewe ni Kinanu, yule mjane wa Kimeru anayekodisha mahema karibu na stendi.

Unajua sisi wa safari za miguu hatuna bosi. Mgeni anatuchukua siku tatu, kisha kwaheri, ukivunjika, umejivunjia. Mwaka jana mwenzetu Akuam alipoanguka na mzigo, tulimchangia mbuzi, na mkono wake mpaka leo haunyooki. Kinanu akasema jambo hilo halitarudi tena. Kampuni za bima zikamwambia haziandiki watu wasio na mwajiri. Akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka moja ikakubali kutuandika kama kikundi, mradi ijulishwe kabla ya kila safari ni nani anaenda na anafanya kazi gani.

Hapo ndipo nilipomjua mama huyu. Hakukubali kuandika kazi ya mtu kwa kuambiwa. Alifunga duka, akavaa raba, akatembea nasi siku mbili ng'ambo ya daraja la Gotu, kalamu mkononi. Jua lilimchoma na hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yetu sote. Nilipomwambia aniandike kiongozi, akaniuliza mbele ya watu ni kiongozi gani huyo anayetembea wa mwisho na sufuria mgongoni. Akuam alicheka mpaka akakaa chini. Nikamnunia Kinanu wiki mbili.

Safari ya tatu baada ya hapo, nikavunjika muundi. Daktari alisema nisipotiwa chuma wiki hiyo mguu utapona kombo, na kutembea ndiyo riziki yangu. Watu wa bima wakauliza swali moja tu: huyu ni kiongozi? Kama ndiye, iletwe leseni yake. Sina leseni, dada. Sijawahi kuwa nayo. Kinanu akawaonyesha alichoandika: Abdillahi, mpagazi. Alhamisi nikapasuliwa.

Sasa nisamehe. Nilikwambia nilimsukuma mgeni asikanyagwe na nyati. Nyati hakuwepo. Molu, kiongozi wetu wa kweli, alikuwa akiwaeleza wageni habari za mlima. Mimi kwa kiherehere changu nikampita, nikawageukia wageni, nikawa natembea kinyumenyume huku nikimsahihisha, na hapo nikatumbukia kwenye shimo la ngiri. Sufuria zilibingirika mpaka mtoni. Aliyenibeba mgongoni hadi barabarani ni Molu huyo huyo. Ile darubini uliyonitumia nimempa yeye.

Miaka kumi na moja umewaambia watu harusini kwamba ndugu yako anaongoza wazungu. Wakikuuliza tena, sema ni mpagazi, na sema ana bima.

Wasalimie watoto, na shemeji umwambie asicheke sana.

Ni mimi mdogo wako,
Abdillahi