Nimemutafsiria Mutu Hajaomba

Pélagie, uko? Usicheke kwanza. Nimejiharibia mu darasa, hapa Mbarara.

Unajua lile somo la kuhutubia batu. Nilitaka somo la muziki, nafasi zikajaa. Falsafa nayo ikajaa. Nikabaki na hili.

Leo Tumusiime, ule mutoto wa askari wa kambi ya jeshi, ndiye alianza. Anasema sentensi moja ya Kiingereza, anapumua. Mimi nimekaa mbele kabisa. Alipopumua tu, nikasimama nikatafsiri. Kwa Kiswahili. Kwa sauti ya kanisa. Na mikono, Pélagie. Na mikono.

Ni ile miaka yote ya kumutafsiria pasta kanisani kwetu Kashojwa, kule kwa bakimbizi. Mutu akinyamaza kidogo, mudomo wangu unafunguka wenyewe.

Niliendelea mpaka nikasikia batu banacheka. Mwalimu akaniangalia, akasema, "Basi baki hapo mbele. Ni zamu yako."

Nikabaki. Hakuna pasta wa kusema kwanza. Nilitamani ardhi inimeze.

Tumusiime naye hakurudi kukaa. Akaniambia na Kiswahili chake cha jeshi, "Wewe sema, mimi nageuza kwa Kiingereza."

Nikasema tu ile ilikuwa mu roho: "Niko naogopa mingi. Sijui hata kuanza."

Akageukia darasa, akanyoosha mikono kama mimi, akatafsiri: "Anasema haogopi mtu hapa, na ameshaanza."

Bakapiga makofi. Na kweli, Pélagie, nikaanza.