Dakika Arobaini na Moja

Dilala, Kolwezi, tarehe 6 Mei 2024

Gracien, mdogo wangu,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Natumaini miguu imepona na unakula kitu cha moto angalau mara moja kwa siku. Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba bado imejaa watu wa kilio, wengine nawajua, wengine naona wanakuja kwa sababu ya sahani.

Jana ilitimia mwezi mmoja tangu tumzike baba yetu, Tata. Familia ilikaa, ikakata shauri kwamba kilio kitamalizwa Jumamosi tarehe 15 Juni. Siku hiyo, kabla ya kuzima moto wa kilio uani, itasemwa nyumba hii inabaki kwa nani. Tata Kabongo, mdogo wa baba yetu, ameshaanza kuipima. Nimemwona mwenyewe, mita mkononi, anapima chumba alimofia kaka yake, na godoro bado liko nje juani. Nikamwuliza, "Tata, unapima nini?" Akajibu, "Minapima tu, mama. Kupima ni zambi?" Wenzake wakacheka. Nikawapelekea chai kama kawaida.

Unajua mambo yalivyo kwetu. Mimi yaya wako, niliyekutangulia kuzaliwa, nimemwogesha Tata miaka sita, na neno langu halihesabiwi. Anayesema ni mtoto mwanaume wa marehemu, kwa mdomo wake, mbele ya moto, na mtoto huyo ni wewe peke yako. Ukisema "nyumba ni ya Blandine", imekwisha, Tata Kabongo hana la kupinga. Wazee walikataa kwanza habari ya wewe kusema kwa simu. Ni jirani yetu Mama Honorine aliyewakabili: "Padiri anabariki bantu kwa radio, na ninyi munakataa telefone?" Wakakubali.

Sasa simu yako. Uliniandikia kwamba tangu ianguke majini haishiki tena laini yoyote, inashika Wi-Fi tu, na Wi-Fi ya nyumba za wageni inakufa watu wakiamka. Basi ununue modemu ndogo ya mfukoni, ikupe Wi-Fi yako mwenyewe. Nilikwenda kwa Glodi, yule anayetengeneza simu karibu na soko, nikamweleza kwamba unatembea nchi za watu na mkoba mgongoni na huna pesa za kuchezea. Anasema usikubali modemu iliyofungwa kwa kampuni moja, hata wakikuuzia kwa bei ya maandazi, kwa sababu ukivuka mpaka inageuka jiwe. Chukua inayokubali laini ya nchi yoyote, na laini uinunue pale pale ulipo. Ukitumia laini ya Zambia, ulipo sasa, ukiwa nchi nyingine, vocha yako italiwa yote asubuhi moja. Betri iweze kumaliza siku. Ikiwa modemu imeshatumika na mtu, chomeka waya wa chaji, uutikise. Ikizimika, mrudishie mwenyewe.

Usichague kwa haraka kama ulivyochagua vile viatu vyeupe vya komunyo. Vilikubana njia nzima mpaka kanisani, hukusema neno, tuliona damu kwenye soksi tu.

Yaya wako,
Blandine


Livingstone, tarehe 19 Mei 2024

Yaya Blandine,

Salamu nyingi sana. Miguu imepona. Cha moto ninakula, nshima, ugali wa huku, na maharage, karibu sawa na bukari yetu ila wanaipika laini. Wewe unalala? Mwambie Mama Honorine nimemcheka mpaka watu wakanitazama.

Umenisumbua, lakini nimenunua. Muuzaji wa kwanza alinitolea ile iliyofungwa na akaapa kwa jina la mama yake kwamba haijafungwa. Nikatia laini ya kampuni nyingine, ikakataa. Akasema imechoka, iache ipumzike. Nikamwambia apumzike nayo yeye. Hapa ninapolala kuna msichana wa Ubelgiji anayesema modemu ni mambo ya zamani, yeye laini yake imo ndani ya simu bila hata kadi. Simu yangu ni ya zamani kwa hilo. Mwingine, wa Malawi, anatembea na simu mbili, moja mbovu kazi yake ni kugawa mtandao tu. Nilitaka kumwiga, lakini simu mbili ni chaji mbili, na hapa tunagombania tundu moja la umeme watu wanane.

Basi nimepata hii. Imeshatumika, ni nyeupe, uzito wake kama kipande cha sabuni. Inakubali kadi yoyote. Ina kioo kidogo kinachoonyesha betri na vocha iliyobaki. Niliutikisa waya kama Glodi alivyosema, muuzaji akaniuliza kama nina wazimu. Niliiwasha jua likitoka na usiku nilipokwenda kulala ilikuwa bado iko hai.

Kila mtu hapa anauliza unatoka wapi. Wao wanataja kwao bila kufikiri, mtaa, namba, jina la mbwa. Mimi nasema Kolwezi, Dilala, nyumba ya mlango wa kijani. Nikishasema hivyo najisikia na mimi ni mtu.

Kuhusu tarehe 15 usiwe na shaka. Nitakuwepo.

Mdogo wako,
Gracien


Dilala, tarehe 16 Juni 2024

Gracien,

Nakusalimu kwa sababu Mama, Mungu amweke pema, alitufundisha kusalimu kwanza. Kama u mzima sijui. Mimi si mzima.

Tulikupigia saa tatu asubuhi na ulipokea mara moja. Tulikuona vizuri, umekaa mbele ya ukuta wa matofali. Ukasema, "Jambo yenu wote," wazee wakapiga makofi. Ukasema utazima picha ili sauti ije vizuri, nikawaza, mdogo wangu ana akili. Tata Kabongo akasema maneno yake marefu, ya kaka yake, ya kazi ya kampuni ya migodi, ya mwaka walionunua nyumba hizi. Halafu akageukia simu. "Gracien, mutoto ya yaya yangu, nyumba ya baba yako inabakia na nani? Sema, bantu basikie."

Kimya.

Mama Honorine aliinua simu juu kabisa. "Gracien, uko unatusikia?" Kimya. Tata Kabongo akauliza mara ya pili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mwanamke hasemi pale, lakini nikasema. Nikasema, "Atajibu. Ni mtandao tu. Ana modemu nzuri." Akauliza mara ya tatu. Mzee mmoja akasema, "Pengine ameenda kukojoa," na watu wakacheka, Gracien, kwenye kilio cha baba yetu.

Tata Kabongo hakucheka. Alisema, "Mutoto mwanaume tumemuuliza mara tatu. Amenyamaza. Amebaachia wazee." Wakamwaga maji kwenye moto. Nyumba amepewa yeye, na mwanawe Louis ataingia mwisho wa Julai. Mimi nimepewa mpaka hapo kukusanya vitu vyangu. Sheria inamjua mtoto wa kike pia, hilo nalijua. Lakini ukimpeleka mdogo wa baba yako tribinali, siku ya kufa kwako utazikwa na nani?

Leo nilikwenda kwa Glodi nikamfokea mbele ya wateja. Sijawahi kufokea mtu mzima. Nilimwambia ameniuzia maneno, na maneno yake yameninyima nyumba. Aliendelea kufungua simu ya mtu na bisibisi yake. Halafu nikarudi nikiwa nimejichukia mwenyewe, kwa sababu ni mimi niliyekuchagulia kile kitu. Niambie tu kilitokea nini.

Blandine


Katima Mulilo, tarehe 22 Juni 2024

Yaya wangu,

Pole. Pole sana. Mwili wangu ni mzima lakini moyo hapana.

Ni modemu. Mara tu Tata Kabongo alipoanza kusema, taa ikawa nyekundu, ikazimika. Nadhani betri. Au laini. Niliitikisa, nikapanda mpaka juu ya tangi la maji nikitafuta mtandao. Ilipowaka tena mlikuwa mmeshakata. Kitu kilichotumika ni kilichotumika, na huyo Glodi wako anashauri mambo asiyoyajua. Ulifanya vizuri kumfokea. Mimi hapa nimemtukana muuzaji kwa lugha tatu ingawa niko nchi nyingine na hanisikii.

Na Tata Kabongo, Mungu anamwona. Usilie. Nikifika baharini, mwisho wa safari yangu, nitafikiri la kufanya.

Mdogo wako,
Gracien


Dilala, tarehe 1 Julai 2024

Gracien,

Nakusalimu.

Nilirudi kwa Glodi na barua yako, nimsomee, aone kwamba hata wewe unamlaani. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniomba simu ya Mama Honorine, ile tuliyokupigia. Nikaenda kuileta. Akafungua orodha ya simu zilizopigwa, akashuka mpaka tarehe 15, akaweka kidole. "Mama, soma hapa mwenyewe."

Nikasoma. Dakika arobaini na moja.

Akaniambia, "Modemu ikizimika, telefone inakatika. Haiwezi kungoja dakika yote ile peke yake. Sasa, ni nani alikata?"

Nikamwambia ni mimi. Nilikata baada ya maji kumwagwa, nilipoona watu wanasimama.

"Basi mpaka pale alikuwa kule," akasema, na akarudi kwenye kazi yake. Hakunitazama, nadhani alinionea haya.

Ulikuwa kule. Ulisikia jina lako mara tatu. Ulimsikia Mama Honorine akikubembeleza. Ulinisikia mimi nikisema atajibu. Ulisikia wakicheka, ulisikia maji kwenye makaa, na hukuwa juu ya tangi lolote. Ulizima sauti yako ukakaa mbele ya matofali yako. Halafu ukanipa pole. Ukaniambia nilifanya vizuri kumfokea mtu ambaye hakunikosea lolote.

Sijawahi kumtukana mtu kwa barua na sijui namna yake, ndiyo maana naandika polepole. Wewe ni mwongo. Ulikuwa mtoto niliyembeba mgongoni mpaka dispansari ukiwa na surua, ukinishika masikio ili usianguke, na sasa wewe ni mwongo. Tata katika siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kila jioni, "Wa njia amefika wapi?" yaani wewe, nami nilimsomea barua zako, nikiongeza maneno mazuri pale ulipoandika machache. Sasa najiuliza na wewe uliongeza mangapi.

Glodi nimemwomba radhi mbele ya wateja, kama nilivyomfokea mbele ya wateja.

Nataka jibu moja. Usiniandikie habari ya betri.

Blandine


Swakopmund, tarehe 27 Julai 2024

Yaya,

Nakusalimu. Nimechelewa na sina sababu ya kuchelewa.

Nilisikia yote. Betri ilikuwa zaidi ya nusu. Modemu ni nzuri, haijawahi kunisumbua hata siku moja, umenichagulia vizuri.

Sauti niliizima mwanzoni kwa sababu ya kelele za watu pale uani nilipokuwa, hiyo ni kweli. Tata Kabongo alipouliza nikaweka kidole pale pa kuiwasha. Neno lilikuwa tayari. Ndipo nikafikiri, nikisema ni ya Blandine, mimi nitakuwa natoka wapi? Ataolewa, mume wake ataingia, nitarudi nilazwe saloni, sebuleni, kama mgeni. Nikafikiri nikinyamaza kidogo wazee watasogeza siku, nitakuja, tutasema wawili. Sikutaka imwendee Tata Kabongo, nakuapia. Nilikuwa najiachia mlango wazi. Akaita tena, nikaona sasa nikijibu watajua nilikuwa nasikia. Akaita tena. Halafu nikasikia maji.

Juzi nilimpigia Tata Kabongo nikamwambia nyumba ni ya yaya. Akaniambia, "Moto tulishazima, mutoto. Uko unasema na majivu." Akakata.

Niambie nije. Nimeona bahari, haikunifurahisha. Nitauza modemu nipate nauli ya kurudi.

Gracien


Lubudi, tarehe 18 Agosti 2024

Gracien, mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka Lubudi. Nakaa kwa mama yetu mdogo Stéphanie, naye anakusalimu. Hajui yote, sikumweleza, kwa sababu nikieleza nitalia na yeye ana shinikizo la damu. Nina chumba, na ninamsaidia shambani. Usiku treni ya mizigo inapita karibu na vikombe vinagongana kabatini. Nimeanza kuzoea. Kutoka Dilala nilichukua godoro langu, sufuria mbili na kioo cha Tata cha kunyolea, kile alichokuwa anaegemeza dirishani huku akifunga jicho moja.

Usiuze modemu na usije kwa ajili yangu. Ulitaka kujiachia mlango ukaifunga milango yote miwili, wangu na wako.

Nimefikiri sana jambo moja nikipalilia. Kama ungewasha sauti ukasema "nyumba ni yangu mimi", mbele ya wote, ningekasirika mwezi mzima, halafu ungerudi ningekupikia. Kama ungesema "tugawane", ningekubali kabla hujamaliza. Ungeweza kusema neno lolote, Gracien. Hakukuwa na neno baya siku ile. Nyumba naweza kuiacha, ni matofali na mabati ya kampuni. Lakini mimi nilikuwa nimekaa chini mbele ya watu wote nikikuahidi, na wewe ulikuwa unanisikiliza.

Hasira bado iko. Inaamka nami, inakwenda nami shambani, nikilala inalala upande wa ukuta. Labda itachoka kabla yangu. Sikudanganyi kwamba imeisha, katika sisi wawili mwongo mmoja anatosha.

Vaa soksi kavu. Kunywa maji yaliyochemshwa. Barua sitajibu tena kwa sasa, si kwa kukukomoa, ni kwamba maneno yangu yamefika mwisho.

Sikuombi nyumba wala pole. Popote utakapokuwa, mtu akikuita kwa jina na wewe ukaitika, unikumbuke.

Yaya wako,
Blandine