Nilitoa Pasi Kwanza

Shangazi Sylvi mpendwa,

Nisaidie mimi msomaji wako, maana akili yangu imegota na mwili nao umegoma. Nina miaka thelathini na tatu, ni beki wa timu ya wanawake ya hoki ya barafuni hapa Kajaani, na alfajiri kabla watu hawajaamka naendesha trekta la manispaa la kuzoa theluji, halafu jioni mazoezi, halafu nyonga inauma mpaka soksi navaa nimelala chali, na msimu huu ulipoanza nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba huu ndio wa mwisho, ila sikumwambia mtu, nilitaka niondoke kimyakimya kama nilivyocheza, maana sisi mabeki hatuimbwi, Shangazi, tukifanya kazi yetu vizuri hakuna kinachotokea.

Sasa mdogo wangu Outi ni mshambuliaji, mwaka jana alihamia timu ya mji wa Oulu, na kwenye nusu fainali tukakutana nao. Mama alikaa jukwaani na skafu mbili shingoni, ya kwangu na ya Outi, watu wakimtania, "Leo unashangilia nani, mama?" naye akiwajibu, "Nashangilia wote wawili warudi nyumbani wazima."

Kipindi cha mwisho, tuko sare, Outi akachomoka na kile kisahani cheusi tunachokipiga kwa magongo, akipita kando ya ukuta, mimi narudi kinyumenyume namsoma, na namjua, tangu utotoni akitaka kukata ndani hushusha kwanza bega la kushoto, nikamfungia njia, bega kwa bega, bila kiwiko, bila gongo, refa yuko palepale na hakupuliza, lakini chuma cha kiatu chake kikanasa kwenye ufa wa barafu na goti likazunguka, nikausikia mlio wake, Shangazi, mpaka leo nausikia, naye akaita, "Kaisu!" na kisahani kilikuwa mbele ya gongo langu, na mimi nikatoa pasi. Nilitoa pasi kwanza. Ndipo nikageuka. Pasi ile ikazaa bao, uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe na mdogo wangu yuko chini anapiga barafu kwa kiganja.

Kocha Veikko akanigonga kofia. "Huyo ndiye beki! Ungezubaa, tungefungwa sisi." Nikaenda kutapika.

Jumapili nikaenda kwa mama, Outi akiwa bado hospitali baada ya upasuaji. Mama akanimiminia kahawa kama kawaida, akanikatia mkate wa iliki, kisha akakaa akitazama dirishani. Nikamwambia, "Mama, refa hakuona kosa."

"Refa hakumzaa," akasema. "Na sikulaumu kwa kumgonga, mchezo ni mchezo. Alikuita, ukatoa pasi." Nilipoinuka kwenda zangu akaongeza, bila kupandisha sauti, "Ukivaa vile viatu vya barafu tena, usije hapa."

Fainali inaanza Jumamosi. Nikiacha sasa, mji mzima utasema nimekimbia hatia, na kumbe nilikuwa nakwenda zangu hata kabla ya hayo yote. Nikicheza, nimempoteza mama. Outi ameshatoka hospitali, yuko kwa mama, juzi alinitumia neno moja tu kwenye simu, "Njoo," sijalijibu kwa sababu sijui ana maana gani. Nimechoka, Shangazi. Nimechoka mpaka huko kuchoka kwenyewe kunanichosha. Nifanye nini?

Kaisu, Kajaani


Kaisu mwanangu,

Pole. Pole kwa nyonga, na pole kwa mlio ule, huo hautakutoka upesi. Sasa nisikilize, na usininunie.

Neno "njoo" maana yake ni njoo. Mdogo wako amekuita mara ya pili, na mara ya pili umegeukia kwingine. Safari hii pasi umenipa mimi. Nakurudishia.

Kwa lile la uwanjani sikuhukumu. Mwili uliofundishwa jambo moja miaka ishirini haungoji ruhusa ya moyo. Ilikuwa pumzi moja tu. Lakini hizi siku ulizokaa na simu mkononi si pumzi moja, na hapo hakuna kocha wa kumsingizia.

Mama yako alikuwa na watoto wawili kwenye barafu ile. Mmoja kalala chini, na mama hana wa kumkasirikia isipokuwa aliyebaki wima. Ulikosea kumpelekea habari za refa, hakukuuliza sheria. Mwambie, "Mama, nilimsikia akiniita." Basi, usiongeze neno. Hilo ndilo alilokuwa akilingoja kwenye ile kahawa, nawe ukampa hukumu ya mtu mwenye filimbi.

Kuhusu kuacha: uliamua kabla Outi hajaanguka, kwa hiyo uamuzi ni wako na usikubali mji ukunyang'anye. Unasema mwenyewe hawajawahi kukuimba. Sasa wakikusema, mbona ghafla maneno yao yamekuwa na uzito?

Fainali usicheze. Si kwa amri ya mama, na si kujiadhibu. Beki anayetapika kwa kusifiwa akirudi barafuni wiki hiyohiyo ataumia au ataumiza mtu. Mwone Kocha Veikko leo, uso kwa uso, umwambie, "Nyonga imekwisha, na mimi nimekwisha." Akisema subiri baada ya fainali, mwambie hapana. Akikuita msaliti, mwache aite. Timu iliyofika fainali haikosi beki mwingine.

Kwa Outi usiende kuomba ruhusa ya kustaafu, wala usimsihi akusamehe palepale. Ana goti la kuuguza, asikuuguze na wewe. Akitaka kulia, alie upo. Akitaka kukutukana, akutukane upo. Akitaka kunyamaza, nyamazeni wawili.

Ukitoka kwa kocha usipitie kwako, utalala na usingizi utakuwa kisingizio. Nenda moja kwa moja kwa mama. Akifungua mlango akasema Outi amelala, mwambie utamngoja aamke. Vua koti, kaa.

Shangazi Sylvi