Kura za Kijumba

Jumanne, 14 Oktoba 1975
Nimefagia, nimepika, nimegombana na kuni mbichi. Mume wangu Ramadhani karudi toka Tabora kanuna. Wagombea ubunge ni wawili, yeye na mwingine, chama kimoja, kila mtu na alama yake. Mwenzake kapewa jembe. Yeye nyumba. Nani huku atachagua nyumba? Mwaka jana tu watu walihamishwa kwa malori, nyumba zao zikabomolewa.

Alhamisi, 16 Oktoba
Picha ya alama yake imebandikwa ukutani kwa ghala la kijiji. Kijumba, paa na kuta, mtu hayumo. Chini yake nimekuta unga wa mtama na maji, vimemwagwa. Mjinga gani anachezea chakula na njaa hii?

Jumamosi, 18 Oktoba
Mama mkwe kanieleza, maana mimi ni wa mjini. Kule walikotoka, kila ua ulikuwa na kijumba cha mizimu. Unga na maji ndilo tambiko lake. Vijumba vilibaki kule, na hapa hakuna aliyethubutu kujenga vingine. Sasa Serikali yenyewe imewaletea.
Ramadhani kacheka mpaka machozi. "Basi nimeshinda, mke wangu!"
Mimi sikucheka.

Alhamisi, 23 Oktoba
Hawamwamkii tena. Si shikamoo, si mwangaluka. Wanampisha njiani, macho chini. Mkono hawampi. Nimemwomba ajitoe. Kanikaripia: "Unataka nichekwe jimbo zima?" Naogopa. Naogopa sana.

Jumapili, 26 Oktoba
Kura. Foleni ndefu, kimya kama matangani. Wazee walivua viatu kabla ya kuingia chumba cha kura. Astaghfirullahi.

Jumanne, 28 Oktoba
Kashinda. Jembe limeachwa mbali. Ngoma hakuna, vigelegele hakuna. Nilipiga kimoja peke yangu, nikaona haya. Unga mlangoni kwetu. Nimeufagia kwa hasira. Jioni upo tena.

Jumatatu, 3 Novemba
Ramadhani hali chakula vizuri. Anasema hana njaa. Anakaa ndani tu, mlango wazi, anawasikiliza wanaokuja kunong'ona. Zamani angewafukuza.

Jumamosi, 8 Novemba
Mvua imenyesha, ya kwanza. Shamba linanukia. Asubuhi mama mkwe kaja, kapiga magoti mlangoni kwa mwanawe wa kumzaa, kaomba mbegu ziote. Kamwita kwa jina la marehemu babake.
Nilingoja Ramadhani acheke.
Kaitika.