Majina ya Wafu wa Sefateng

S.L.P. 418,
Mokopane.
14 Agosti 2023

Mpendwa Shangazi Raesetja,

Hujambo huko Gqeberha? Magoti yamekuacha upumzike, au baridi ya pwani bado inayaonea? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Moyo wangu ndio hautulii.

Unajua nafundisha mwaka wa kwanza katika maktaba ya chuo. Kila siku nawaambia: kabla hujaamini andiko, uliza nani kaliandika, nani kamlipa, na nani hakuulizwa. Sasa somo limenigeukia mwenyewe.

Mwanafunzi wangu Mahlodi ameandika juu ya kilima chetu cha Sefateng, ambacho mgodi unataka kukichimba. Ripoti ya mgodi inasema hakuna makaburi. Mahlodi akaipinga kwa sifa za ukoo wetu wa Noko, zile zinazoghaniwa kwa kinywa, alizozinakili kwa bibi yake, zinazowataja mmoja mmoja waliolala pale. Nilimpa themanini na mbili.

Mkuu wa idara, Daktari Ramoshaba, akaniita. "Dada Morongwa, tangu lini kibwagizo cha bibi kikawa ushahidi? Mpe sifuri."

"Na walioandika ripoti, Daktari, walimuuliza nani?"

"Ripoti ina mhuri. Bibi anao?"

Nikacheka, Shangazi. Nilicheka naye, na naona aibu mpaka leo. Kisha akauliza kama namjua mtu mwingine wa kuthibitisha sifa hizo. Nikasema simjui. Babu, baba yako mzazi, amelala Sefateng, nami nikasema simjui, kwa kuwa mkataba wangu unaisha Desemba na mwenye kalamu ni yeye.

Mahlodi akipewa sifuri anaondolewa chuoni. Kikao cha idara cha kuamua hilo ni tarehe 30 mwezi huu. Nimeamua kusimama na kuzisema sifa hizo kwa kinywa changu, liwalo na liwe.

Ila juzi nilijaribu jikoni, nikakwama kwenye jina la tatu. Baba alipokuwa akitufundisha, mimi nilikuwa nimezama kitabuni. Kwenye simu unazisema mbio, kwa hiyo niandikie zote, taratibu.

Najua kaburi la mwisho pale ni la mwanao wa kwanza. Mimi nilikuwa sijazaliwa, na jina lake hujalitamka tangu siku ya maziko. Nisamehe, Shangazi. Hilo nalo naliomba.

Nisalimie Baba Makwena na binamu Phuti. Waliotutangulia wakuangalie usiku na mchana.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Morongwa