Mama Yetu Razia: Kasha la Wanorwei Bado Liko Wazi

Mama, mwaka umekatika tangu ile Ijumaa ya Novemba 2014 ulipotuacha, na Baba bado anaweka vikombe viwili vya chai. Sabika kasema niandike mimi, kwa sababu yeye akianza tu analia. Nikamwambia shule niliiacha mapema, kuandika sijui. Kasema, basi ongea. Haya, naongea.

Naongea Kiswahili kwa sababu ndicho ulichotumia ukiwa na furaha. Kikachi, lugha ya mababu zetu wa Kihindi, ulikiweka cha kutugombeza.

Jirani yetu Clementina anasema mtaa wetu wote huu wa Flemingdon Park, hapa Kanada, hakuna mtu aliyempelekea mgeni pilau siku ile ile anahamia, ila wewe. Mpaka leo akisikia lifti inagongwa na mizigo anafungua mlango, anadhani umeshafika na sufuria.

Na uwanja wa ndege wa Pearson je. Akija mtu kutoka Moshi, hata asiye wetu, wewe ulikuwa uwanjani kabla ndege yake haijaondoka London. Mimi na Baba tulikufuata Februari 2003, wewe na Sabika mkiwa mmeshatangulia mwaka mzima. Tukatoka na mashati ya mikono mifupi. Umesimama mbele ya watu wote, koti mkono huu, koti mkono huu. Hukutusalimia kwanza. Ulisema, "Vaeni."

Kule Moshi ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, watu wanakuamkia barabarani. Hapa wakasema huna uzoefu wa Kanada. Ukaenda kujitolea kwenye makumbusho madogo ya chama cha watu wenye asili ya Norwei, wakakupa kipindi kilichokosa mtu: kuwafundisha watoto wa shule jinsi Wanorwei wa zamani walivyohama kwao, wakavuka bahari, wakashuka Quebec, wakapita huku wakitafuta mashamba. Kila familia na kasha lake la mbao, limechorwa maua, jina mbele. Kila kitu chao ndani ya kasha hilo.

Siku ya kwanza mama msimamizi, Solveig, alikwambia ulipange kasha kama walivyolipanga wao. Akarudi akafunua kifuniko. Kakuta sabuni za kuogea, vitambaa vya magauni, makopo ya biskuti, viatu vya mtoto.

"Razia, hivi vyote vya nani?"

"Vya wenyeji wao. Utaingiaje kwa watu mikono mitupu?"

"Hawa hawakuwa wanaenda harusini. Wengi wa mwanzo hawakuwa na mwenyeji."

"Hakuna hata mmoja wa kuwapokea?"

"Hakuna."

Ulitusimulia jioni, Baba akacheka mpaka akakohoa. Wewe hukucheka. Ulisema, "Yaani mtu ashuke melini, atazame watu wote pale, asimwone hata mmoja anayemtafuta yeye?"

Kuanzia hapo kipindi kikawa chako. Watoto wanapewa meza imejaa vitu: masweta ya sufu, sufuria, mkate mkavu, kinanda kidogo cha mdomo. Wachague. Lazima kifuniko kifunge, na kufunga kwa makalio hairuhusiwi. Kisichoingia unakiaga, unasema unamwachia nani. Halafu swali lako la mwisho, kwa kila mtoto: "Nani anakungoja huko?"

Kuna waliojibu babu, kuna aliyejibu paka. Siku moja msichana wa Regent Park, wamehamia juzi tu, akasema hana mtu. Ukamwambia, "Basi nakungoja mimi." Ukatoka nje kabisa ukasimama mlangoni na baridi ile, mpaka akatoka na kasha lake la kuigiza, ukampokea mzigo. Darasa lote likataka lipokelewe. Dereva wa basi la shule alikasirika sana siku hiyo.

Baba hakukanyaga kule. "Wanorwei wamekufa zamani unawahurumia, mumeo hajala."

"Chakula kiko jikoni, Mohamedtaki. Hujahama mbali."

Msikitini nako walikuuliza kwa nini usifundishe habari zetu sisi. Ukawajibu, "Nikiwaambia zangu watanionea huruma. Nikiwaambia za Wanorwei, kila mtoto anaanza kusema za kwao." Mimi nilidhani unawakwepa. Nilikuja kukiona kipindi chako siku moja tu, nikaelewa.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka, Solveig alipiga simu kutupa pole. Halafu akasema mwalimu mwingine hawana, kipindi kinafungwa, kasha litawekwa ndani ya kioo. Shule moja ya Scarborough ilikuwa imeshaahidiwa, ataiambia isije. Baba alikuwa kwenye kochi, tunadhani amelala.

"Nani kasema linafungwa?"

Sabika akamwambia, "Baba, wewe unajua nini kuhusu Norwei?"

"Nimeishi nayo miaka yote hii. Mezani, kitandani, kwenye gari. Mwambie asiwazuie watoto."

Nilimpeleka mimi na gari la kazi. Mama, nikwambie ukweli, alikuwa mbaya. Umri wote kakaa ofisini, anaongea na watoto kama anasoma mahesabu ya mwaka. Wanapiga miayo. Wakafunga kasha, wakaaga vitu, Baba akasema asanteni, kwisha. Solveig anatazama chini. Mimi najua kikiisha hivyo, kesho kile kioo kinakuja.

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. "Kaka yangu alikuja hapa. Alisema kuna bibi anauliza nani anakungoja. Wewe hujauliza."

"Kweli," Baba akasema. "Nimesahau. Nani anakungoja?"

"Anza wewe."

Akashika ukingo wa kasha. Nikainuka nimtoe, sikuweza kumwangalia. Akanipungia mkono nikae.

"Mke wangu," akasema. "Ndiye yule bibi. Atakuwa amefika mapema mno, na ananiona nachelewa. Amesimama mbele ya watu wote, ameshika koti langu."

"Koti la nini?"

"Mimi sijawahi kujua baridi ya ninakokwenda. Yeye ndiye anayejua."

Hakuna aliyepiga mwayo tena. Msichana akasema yeye anangojwa na bibi yake, Colombo. Mwingine akadakia, wakawa wanasema wote mpaka mwalimu wao akawaomba wavae makoti, basi linangoja. Kioo hakikuja. Baba anakwenda kila wiki, anajifunza kuchekesha, bado hajaweza.

Tunaokukumbuka ni mumeo Mohamedtaki, wanao Sabika na mimi Asad, mkweo Nasrudin mume wa Sabika, mjukuu wako uliyemwacha tumboni, ambaye tumempa jina lako, dada yako Gulshan aliye Moshi, Clementina, Solveig, na watoto wengi ambao hatuwajui majina. Mtakaosoma hapa, tunawaomba mumsomee Al-Fatiha.

Usijali kuhusu Baba, anakuja taratibu. Sisi hatutakusahau hata siku moja, Mama. Shika makoti.