Mnunuzi wa Sambaza

Bibi mpendwa, shikamoo kutoka Gisenyi. Ziwa limetulia, lakini mjukuu wako hana utulivu, maana nimemponza dada Rehema.

Unajua yuko redioni kwa mafunzo ya kazi ya chuo. Jana alitakiwa kurekodi watu watatu sokoni wakizungumzia sambaza, dagaa wa hapa. Nilimsindikiza, na wawili walikubali. Wa tatu, mama muuzaji, alitufukuza: "We mutoto, acha mi niuze! Samaki iko inangoja radio?" Rehema akanivuta nyuma ya ukuta, akanisogezea kinasa sauti, nami nikawa mnunuzi. Nikasema, "Kwa hakika, samaki hawa wameniridhisha mno."

Leo nimempelekea chakula redioni, nikamkuta msimamizi wake wa chuo amemaliza kusikiliza rekodi, ameshika kalamu, tayari kusaini ripoti. Akanikaribisha sambaza wa kukaanga, akauliza kama ni watamu. Bibi, ulimi wangu! "Kwa hakika, wameniridhisha mno."

Akaacha kutafuna. Akarudisha rekodi nyuma, akasikiliza huku akinitazama.

"Rehema, huyu mnunuzi ni nani yako?"

"Ni... mdogo wangu, mwalimu."

"Ndugu hahojiwi." Kalamu ikarudi mfukoni.

Hasaini mpaka tumletee sauti ya yule mama, na maswali ameamuru niulize mimi. Mimi, ninayejificha wageni wakibisha hodi!

Niombee dua, nami naombea magoti yako yapone. Kesho nitaanza kwa kununua samaki wake, angalau niwe mnunuzi wa kweli.

Mjukuu wako, Salma